Ukurasa Mkavu na Ukurasa wa Nakshi: Maandishi ya Kusemwa na Haja ya Ufipa

1.0 Utangulizi

Mwanafunzi wa fasihi akiulizwa vipengele vya fani ni vipi, hata akiamshwa usingizini atajibu: muundo, mtindo, matumizi ya lugha, wahusika na mandhari. Jibu hilo limetufikisha mbali, na mitihani tumefaulu nalo. Lakini katika orodha hiyo kuna kitu kimoja hakimo, nacho ni ukurasa wenyewe. Herufi ni kubwa au ndogo? Pambizo ni pana au finyu? Kuna picha, kuna fremu, kuna maua pembeni? Nani anasema, na msomaji anamtambuaje kwa jicho kabla hajafungua mdomo? Mambo haya tumewaachia wachapaji, kana kwamba hayahusiani na maana.

Tuseme ukweli, hata ule mgogoro mkubwa wa ushairi wa miaka ya 1970, baina ya wanajadi na wanamapinduzi, ulikuwa kwa sehemu yake mgogoro wa jicho. Mtu aliyelelewa na Sheria za Kutunga Mashairi za Kaluta Amri Abedi (1954), alipofungua Kichomi cha Kezilahabi (1974), alikasirika kabla ya kusoma neno moja. Mistari ilikuwa haijapangwa alivyozoea. Ukurasa ulikuwa umekwisha kumwambia kitu.

Makala haya yanakusudia kuutazama ukurasa huo kihistoria, lakini si wa kila kitabu. Yatahusu aina moja tu: maandishi ya kusemwa kwa kikundi. Hapa tuna maana ya karatasi au kitabu ambacho hakikuandikwa ili mtu akae peke yake asome kimya, bali ili watu kadhaa wakae pamoja, mmoja aongoze, wengine wajibu, waigize, wabishane au waamue. Katekisimu ni ya aina hiyo, na ngonjera vilevile. Vijitabu vya vikundi vya elimu ya watu wazima ni vya aina hiyo, na hata michezo ya mezani ya kuigiza wahusika, inayochezwa sana Ulaya na Marekani, imo humo humo.

Kuhusu maandishi haya kuna ubishi wa siku nyingi: yapambwe au yasipambwe? Ukurasa usio na picha, rangi wala fremu tutauita ukurasa mkavu, kwa maana ile ile tunayosema chai kavu. Chai kavu ni chai kamili. Kilichokosekana ni kitafunwa. Ule wenye mapambo tutauita ukurasa wa nakshi. Hoja yetu ni kwamba ubishi huu umewekwa vibaya. Ukurasa wa kusemwa upimwe kwa mambo mawili: je, unasemeka? Na je, unanakilika? Tukishakuwa na vipimo hivyo, tutarudi Ufipa, uwanda wa juu ulioko kati ya Ziwa Tanganyika na Ziwa Rukwa, ambako swali hili lina uzito wake wa pekee.

2.0 Nakshi yenye kazi

Tuanze na nakshi, maana wengi hudhani kwamba mapambo ni mapambo tu. Historia ya maandishi ya Kiswahili inakataa.

Katika miswada ya tenzi iliyoandikwa kwa hati za Kiarabu huko Pate, Lamu na Mombasa, ubeti wa utenzi mara nyingi haukuandikwa kwa mistari minne kama tunavyouona leo vitabuni. Vipande vyake vinne viliwekwa kwenye mstari mmoja, na baina ya kipande na kipande mwandishi akatia alama: pengine kiduara, pengine kitu kama moyo uliogeuzwa juu chini. Ukiitazama haraka utasema ni ua. Kumbe ua hilo linamwambia msomaji: hapa pumua, hapa kina kimefika. Tulipohamia hati za Kilatini na mashine za chapa, ua liliondolewa na kazi yake ikachukuliwa na mwisho wa mstari. Nakshi ilipotea, lakini kazi haikupotea, kwa sababu msomaji alikuwa bado anahitaji kupumua.

Ndivyo ilivyo pia katika misahafu iliyonakiliwa kwa mkono pwani yetu, na iliyo mashuhuri zaidi ni ile ya Siyu katika kisiwa cha Pate, ya karne ya 18 na 19. Ni kazi ya nakshi kwelikweli. Lakini zile alama zilizopambwa zinazokaa mwishoni mwa aya zinamhudumia msomaji kwa sauti, kwa kumwonyesha mahali aya inapokoma. Mkono wa fundi ulipamba pale ambapo ulimi ulihitaji msaada.

Mfano wa tatu uko karibu zaidi na Ufipa. Ukiingia kanisa lolote la Kikatoliki katika uwanda ule, juu ya altare utakuta misale, na ndani yake utaona rangi mbili. Maneno meusi ni ya kusemwa na padri au waamini. Maneno mekundu hayasemwi. Yanaeleza la kutenda: piga magoti, nyosha mikono, subiri. Desturi hii ni ya karne nyingi, na ilibaki hata baada ya Mtaguso wa Pili wa Vatikano (1962–1965), Misa ilipoanza kusomwa kwa Kiswahili. Rangi nyekundu pale haikuwekwa ili kitabu kipendeze. Padri mgeni, anayesoma Kiswahili kwa kubabaika, anaokolewa nayo asije akawasomea waamini maagizo yanayomhusu yeye mwenyewe!

Kwa hiyo nakshi si adui. Alama yoyote, iwe ua, rangi au fremu, inayomwelekeza msemaji wapi aanze, wapi anyamaze na nani afuate, ni sehemu ya fani. Isiyofanya hivyo ni kitafunwa: kitamu, lakini hakiongezi chai kikombeni.

3.0 Ukurasa mkavu

Sasa tugeukie upande wa pili. Ukurasa mkavu una historia yake nchini, na sababu zake zilikuwa mbili: umaskini wa vifaa na aina ya matumizi. Wahakiki wetu wameiona ile ya kwanza tu.

Ni kweli vifaa vilikuwa haba. Hadi kiwanda cha karatasi cha Mgololo kilipoanza uzalishaji mwaka 1985, karatasi ya kuchapia vitabu ililetwa kutoka nje kwa fedha za kigeni. Mashuleni na maofisini chombo kilichotegemewa kilikuwa mashine ya kudurufu. Katibu muhtasi alipiga chapa kwenye stensili, stensili ikavishwa kwenye mtungi wenye wino, na mkono ukazungusha. Aliyewahi kuifanya kazi hiyo anajua kuwa stensili haipendi madoido. Mstari mwembamba unapita vizuri. Ukijaribu kutia weusi mpana, picha iliyojazwa au fremu nene, wino unavuja, karatasi zinagandamana, na stensili yenyewe inachanika kabla hujafikisha idadi unayotaka. Kwa hiyo ukavu wa ukurasa ulikuwa amri ya mashine.

Lakini angalieni jinsi maandishi yenyewe yalivyotumika. Katekisimu ya zamani ilikuwa swali na jibu, vyote na namba zake. Katekista aliuliza, watoto wakajibu kwa pamoja. Kitabu alikuwa nacho yeye. Wao walikuwa na masikio. Ukurasa ule haukuhitaji kumvutia mtoto kwa sababu mtoto hakuuona. Alichohitaji katekista ni namba ya kurudia kesho pale alipoachia jana.

Ngonjera ni mfano mzuri zaidi. Mwaka 1968 Mwalimu Nyerere alikutana na washairi na kuwataka waieneze siasa ya Azimio la Arusha kwa sanaa yao. Mathias Mnyampala, Mgogo wa Dodoma aliyefariki mwaka 1969, ndiye aliyeshika usukani wa ngonjera, na Ngonjera za UKUTA zilitoka Oxford University Press mwaka 1970 na 1971, yeye akiwa ameshazikwa. Wengi tumezihakiki kwa maudhui, tukasema ni kasuku wa chama, au tukazitetea. Wachache tumejiuliza zilifikaje mdomoni mwa mtoto wa shule ya msingi aliyesimama mbele ya mgeni rasmi. Zilifika kwa njia hii: mwalimu alikuwa na nakala moja, akaandika ubaoni, watoto wakanakili kwenye madaftari, kila mmoja sehemu yake, wakakariri. Katika ngonjera unachohitaji kujua ni jina la msemaji na beti zake. Jina juu, ubeti chini. Mpangilio huo unaweza kupita kitabuni, ubaoni, daftarini na kichwani bila kupoteza chochote njiani. Picha ya mjamaa na bepari ingebaki kitabuni. Mwalimu asiyejua kuchora angeiacha.

Hapa ndipo tunapopata kipimo cha pili, yaani kunakilika. Mahali penye nakala moja, maandishi yanaishi kwa kunakiliwa. Kilicho lazima lakini hakinakiliki ni hasara, na kinachonakilika bila kuwa lazima ni mzigo.

Kampeni ya Mtu ni Afya ya mwaka 1973 inatuonyesha jambo hili katika kiwango cha taifa. Wakati ule Sumbawanga ilikuwa bado ndani ya Mkoa wa Mbeya; Mkoa wa Rukwa ulianzishwa mwaka 1974. Sensa ya 1967 ilikuwa imeonyesha kwamba watu wazima wasiojua kusoma na kuandika walikuwa kiasi cha asilimia 67. Sasa hebu fikirini: unatengenezaje kampeni ya vitabu kwa watu ambao wengi wao hawasomi? Jibu lilikuwa kikundi. Viongozi wa vikundi wapatao 75,000 walifundishwa, na watu kama milioni 2 walishiriki kwa muda wa majuma 12. Kikundi kilikusanyika, redio ikafunguliwa, kipindi kikasikilizwa. Kisha anayejua kusoma akasoma kijitabu kwa sauti, wengine wakajadili, na mwisho likatoka azimio la kutenda: kuchimba choo, kufukia madimbwi, kuchemsha maji.

Ukiutazama muundo huo kwa jicho la sanaa za maonyesho, utaona ni mchezo wenye kanuni. Kuna mwongozaji mwenye maelekezo ambayo wenzake hawana. Kuna matini ya kusomwa kwa sauti, na kuna pengo lililoachwa makusudi ili washiriki wenyewe waseme na waamue. Muhando na Balisidya, katika Fasihi na Sanaa za Maonyesho (1976), walitufundisha tusidhani kwamba sanaa za maonyesho ni tamthilia ya jukwaani peke yake. Tukiwafuata, basi kijitabu cha kikundi nacho kinastahili kuhakikiwa.

Na pengo lile ni jambo la msingi. Mradi wa kisomo wa UNESCO uliofanyika Mwanza na mikoa ya kanda ya ziwa kuanzia mwaka 1968 ulitunga vitabu vya kusomea vilivyofungamanishwa na kazi za watu: pamba, migomba, ufugaji, uvuvi. Wazo lilikuwa zuri sana kwa Msukuma mwenye shamba la pamba. Lakini mkulima wa uwanda wa Ufipa ni mtu wa ulezi, mahindi na maharage, anayelima kwa matuta yale yaitwayo intumba, yenye majani yaliyofukiwa ndani yaoze yawe mbolea. Ukimwonyesha picha ya pamba umemwonyesha shamba la mtu mwingine. Picha hulifunga somo mahali pamoja. Nafasi tupu yenye swali "hapa kwetu tunafanyaje?" husafiri hadi popote.

4.0 Wenzetu wa mezani

Kabla hatujarudi Ufipa, inafaa tuvuke bahari kidogo, kwa sababu kuna jamii moja ya wachezaji ambayo imebishana juu ya jambo hili kwa nusu karne na kuacha ushahidi mwingi.

Mwezi Januari 1974, huko Lake Geneva katika jimbo la Wisconsin, Marekani, Gary Gygax na Dave Arneson walitoa mchezo ulioitwa Dungeons & Dragons. Ulikuwa vijitabu vitatu vyembamba ndani ya kasha, nakala 1,000 kwa toleo la kwanza. Namna ya kuucheza ni hii: watu wanakaa mezani, mmoja anakuwa mwongoza mchezo na kusimulia hali ilivyo, wengine kila mmoja ana mhusika wake, aliyeandikwa kwenye karatasi ya mhusika, naye husema mhusika anafanya nini. Jambo likiwa la bahati, dadu inatupwa. Hakuna ubao kama wa bao au drafti unaolazimika kuwapo. Mchezo wote uko katika kauli. Kwa maneno mengine, ni masimulizi ya papo kwa papo yenye kanuni zilizochapwa.

Vijitabu vya kwanza vilikuwa vikavu, na michoro yake ya kienyeji tu. Mwaka 1977 ukatokea mchezo mwingine, Traveller, nao ulikwenda mbali zaidi: majalada meusi, maandishi machache, ndani karibu hakuna picha. Wachezaji waliupenda, na hadi leo wapo wanaousifia ukimya wake. Kuanzia mwishoni mwa miaka ya 1970, vitabu vya visa vya kuchezwa vikaanza kutumia kisanduku: maneno yaliyo ndani ya kisanduku mwongozaji huwasomea wenzake kwa sauti, na yaliyo nje ni siri yake. Hiyo ni misale kabisa! Mistari minne ya kisanduku imechukua kazi ya rangi nyekundu.

Baadaye fedha ziliingia na nakshi ikaja nazo. Toleo la tatu la Dungeons & Dragons la mwaka 2000 lilisanifiwa lionekane kama gombo la kale, kurasa zikiwa na rangi na mapambo. Kitabuni ilipendeza. Lakini karne hii vitabu hivyo vikaanza kuuzwa pia kama mafaili ya kompyuta ambayo mtu anajichapia mwenyewe nyumbani, na hapo gharama ikahama. Zamani nakshi ililipiwa na mchapaji mara moja. Sasa kila mchezaji anailipia upya kwa wino wake kila anapochapa. Ndiyo maana watungaji wengi wakaanza kutoa matoleo mawili: moja la nakshi kwa macho, jingine kavu kwa printa.

Mfano ulio wazi kabisa ni Mörk Borg, mchezo wa Kiswidi wa mwaka 2020. Kila ukurasa wake ni bango: manjano, weusi, herufi zinazopiga kelele. Ulishinda mwaka huo huo tuzo ya ENnie ya usanifu wa kurasa, na ulistahili. Lakini watungaji hao hao walitoa bure toleo lisilo na pambo lolote, kanuni tupu. Hawakuona kwamba wanajipinga. Walijua kwamba kitabu cha kutamaniwa na karatasi ya kuchezea ni vitu viwili. Na kwa upande mwingine kabisa kuna Lasers & Feelings wa John Harper (2013), mchezo mzima ulioenea kwenye ukurasa mmoja. Unachapa jani moja, mnaanza.

Tunajifunza nini? Kwanza, kwamba ukavu si ugonjwa wa nchi maskini. Watu wenye printa nyumbani na mishahara minono wameuchagua kwa hiari, kwa sababu mezani mkono unatafuta kanuni haraka na picha inaziba njia. Pili, kwamba swali la nani analipia wino ni swali la uhakiki kamili, wala si la uhasibu peke yake.

5.0 Ufipa: vitabu vya kuwekwa rafuni

Sasa turudi nyumbani. Vitabu vinavyotajwa zaidi na wasomi kuhusu Wafipa vimechapwa wapi na kwa ajili ya nani?

Kituo cha Karema, mwambao wa Ziwa Tanganyika, kilianzishwa na Wabelgiji mwaka 1879 na kukabidhiwa Mapadre Weupe mwaka 1885. Askofu wao, Adolphe Lechaptois, aliandika juu ya nchi na watu wa huko, na kitabu chake kikachapwa kwa Kifaransa huko Maison-Carrée, Algeria, mwaka 1913. Padri J. M. Robert aliandika juu ya imani na mila za Wafipa. Kitabu kilichapwa Tabora mwaka 1949, karibu kidogo, lakini nacho kwa Kifaransa. Mwanaanthropolojia Roy Willis, aliyefanya utafiti Ufipa katika miaka ya 1960, alitoa kitabu cha sanaa ya masimulizi ya Wafipa huko Oxford mwaka 1978, na kingine juu ya visa asilia na historia ya dola ya Ufipa mwaka 1981, huko Marekani. Kathleen Smythe aliandika juu ya familia za Kifipa na uinjilishaji. Kitabu chake kilitoka mwaka 2006, Marekani vilevile.

Hatusemi kwamba kazi hizi ni mbaya. La hasha. Bila Willis, masimulizi mengi yasingehifadhiwa. Lakini zote ni vitabu vya rafuni, vilivyoandikwa kwa lugha za wageni. Kilichokuwa kauli ya mzee mbele ya wasikilizaji kimegeuka kuwa aya za kusomwa kimya maktabani. Kwa kipimo chetu cha kwanza, hazisemeki, kwani hazikukusudiwa zisemwe. Kwa kipimo cha pili, hazinakiliki, kwani mwalimu wa Laela au Namanyere hawezi kuandika ubaoni kitabu cha Kiingereza cha kurasa nyingi ambacho hajawahi hata kukiona.

Tuchukue kisa cha Milansi, ambacho Willis alikiona kuwa ni moyo wa historia ya Ufipa. Kwa ufupi, wanawake wageni wanafika Milansi wakati mtawala hayupo. Wanapokelewa na mkewe. Mtawala anaporudi, mambo yamekwisha kubadilika: wageni wameshika kiti cha enzi, na yeye anabaki na heshima ya Milansi bila utawala wa nchi. Ni kisa kinachosimuliwa kwa namna mbalimbali, kutegemea msimulizi na ukoo anaouegemea.

Jamani, kuna kisa kinachoomba kusemwa na kikundi kuliko hiki? Wageni wanaomba nini mlangoni? Mke anajibu nini, na ana haki gani ya kujibu? Mume anarudi na kukuta kiti kimekaliwa: anapigana, anakubali, anatafuta maneno? Kila swali hapo ni pengo la kujazwa na wasemaji. Ukikichapa kama hadithi iliyonyooka, umechagua jibu moja na kuua mengine. Ukikichapa kwa fremu za mianzi, picha za ngoma na mikuki pembeni, umefanya kosa lile lile kwa rangi: umempa mtoto picha ya mtawala kabla hajamsikia akisema.

Ukurasa unaokifaa kisa hiki ni jani moja lililokunjwa katikati. Ukurasa wa kwanza ni wa msimulizi peke yake. Ya pili na ya tatu ni ya wasemaji: majina kwenye pambizo ya kushoto, kila mmoja akiwa na jambo analolijua na jambo analolitaka, na chini yake nafasi ya kuandika kwa penseli. Maneno ya kusomwa kwa sauti yawekewe mstari mwembamba pembeni. Maelekezo yasiwe na mstari. Ukurasa wa mwisho uachwe na maswali: bibi yako anakisimuliaje? Unatofautiana wapi na jirani? Jani hilo linapita kwenye stensili, kwenye fotokopi ya steshenari yoyote mjini Sumbawanga, ubaoni na daftarini. Halina weusi mpana wa kumaliza wino wa mtu. Na mstari mwembamba pembeni ni nakshi yake, ile nakshi yenye kazi, mjukuu wa ua la miswada ya pwani.

6.0 Hoja za upande wa pili

Wapo watakaopinga, na hoja zao zina uzito.

Hoja ya kwanza ni ya heshima. Watasema: kwa nini kila kitu cha kijijini kiwe cha rangi moja na karatasi hafifu? Mtoto wa Dar es Salaam apate kitabu cha rangi, wa Ufipa apewe karatasi ya kudurufu? Tangu Mradi wa Vitabu vya Watoto uanze mwaka 1991, watu wamefanya bidii kubwa ili mtoto wa Kitanzania ashike kitabu kizuri, chenye picha za watu wanaofanana naye. Je, tunataka kumrudisha nyuma?

Hatutaki. Mtoto anayejifunza kupenda kusoma, akiwa peke yake na kitabu chake, anahitaji kitabu cha kutamanika, na picha ni nusu ya hadithi yake. Lakini hicho ni kitabu cha kusomwa. Sisi tunazungumzia cha kusemwa. Wenye Mörk Borg walitoa vyote viwili, na hakuna aliyewaambia kwamba wamewadharau watu kwa lile toleo kavu. Dharau inakuja pale ambapo mtu anapewa kikavu tu, tena kilichopangwa ovyo, herufi zimefifia, majina ya wasemaji hayaonekani. Ukavu na uzembe ni vitu viwili. Kwa kweli ukurasa mkavu unadai usanifu mkubwa zaidi, maana hauna ua la kufichia kosa.

Hoja ya pili ni ya wakati. Watasema: zama za stensili zimepita. Barabara ya lami kutoka Tunduma imefika Sumbawanga, simu za mkononi zina rangi zote, unachapia nini? Ni kweli, mambo yamebadilika. Lakini simu ina tabia moja inayopingana na kikundi: inamtazama mtu mmoja. Watu sita hawawezi kuigiza kisa cha Milansi wakichungulia kioo kimoja. Karatasi sita wanaweza. Na fotokopi, pamoja na usasa wake wote, inalipiwa kwa kila ukurasa, na mwalimu huilipa mara nyingi kutoka mfukoni.

Hoja ya tatu inatoka darasani kwetu: kwamba haya si uhakiki wa fasihi, ni ufundi wa uchapaji. Anayesema hivyo ajaribu kuichapa Kinjeketile ya Ebrahim Hussein kwa kuondoa majina ya wahusika na mabano ya maelekezo, maneno yote yaende mfululizo kama barua. Hakuna neno la mwandishi lililobadilishwa. Je, bado ni tamthilia?

7.0 Hitimisho

Tumeona kwamba nakshi ya miswada ya pwani na rangi ya misale zilidumu kwa sababu ziliusaidia mdomo, na kwamba ukavu wa ngonjera na wa vijitabu vya vikundi, ingawa ulizaliwa na uhaba, ulifanya maandishi yaweze kunakiliwa na kuwafikia wasiokuwa na kitabu. Tumeona pia kwamba wachezaji wa ng'ambo, wenye uwezo wote, wamefikia jambo lile lile kwa njia yao. Kwa hiyo tuiache ile kauli ya kivivu kwamba kitabu chenye madoido ni bora na kijitabu kikavu ni cha kubahatisha. Tuulize: kinasemeka? Kinanakilika? Na wino wake analipia nani?

Kwa upande wa Ufipa maswali hayo yana haraka. Wasimulizi waliokuwa watu wazima Willis alipofika katika miaka ya 1960, leo wengi wao hawapo tena. Wanafunzi kutoka Rukwa wapo vyuoni, na kila likizo wengine wanarudi Sumbawanga, Nkasi na Kalambo wakiwa na vinasa sauti ndani ya simu zao. Tukirekodi kisha tukapanga aya ndefu za tasnifu, tutakuwa tumeongeza kitabu cha sita cha rafuni, safari hii kwa Kiswahili. Idara zetu zingekubali, pamoja na tasnifu, mwanafunzi awasilishe jani moja la kusemwa, lililojaribiwa na kikundi kijijini kabla ya kufungwa jalada. Wahadhiri watusaidie kuliwekea alama za mtihani, kwani tunajua wenyewe: kisichowekewa alama hakifanywi.